Je, wajua kwa nini pointi 17 za Giannis zinashangaza kuliko zile 33?

Mchezo wa sita wa fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 2021 uliwakuta mashabiki wa Lamu na Malindi saa kumi za alfajiri, Jumatano tarehe 21 Julai, saa ile ile kafyu ya korona ilipokuwa ikiisha. Kule Milwaukee ilikuwa bado Jumanne, saa mbili usiku. Adhana ya alfajiri iliita mchezo ukiwa karibu na mapumziko, na walipopumzika Milwaukee Bucks walikuwa nyuma 47 kwa 42. Kufikia kengele ya mwisho jua lilikuwa limeshapanda juu ya kisiwa cha Manda, na Giannis Antetokounmpo wa Bucks alikuwa amefunga pointi 50, amechukua ribaundi 14 (mipira iliyokosa na kurudi) na kupiga bloku 5, yaani kuzuia mitupo ya wapinzani. Bucks 105, Phoenix Suns 98. Milwaukee hawakuwa wamelishika kombe hilo tangu 1971.

Hamsini si mchezo. Kabla ya hapo, aliyekuwa amefikisha pointi 50 katika mchezo wa fainali wa kutwaa kombe ni Bob Pettit peke yake, mwaka 1958, akiwa na St. Louis Hawks dhidi ya Boston Celtics. Mashabiki wana haki ya kushika vichwa. Lakini mtu anayefundisha vijana kutupa mpira hukigawa kwanza hicho kitita: pointi 33 zilipatikana mchezoni, 17 zikapatikana mstarini, kwa mitupo huru. Akishakigawa, hizo 33 anaziweka kando na kuuliza zile 17 zilitoka wapi.

Zile 33 zinaelezeka, na kuzieleza hakuzipunguzii ukubwa. Giannis ana kimo cha mita 2.11, na akinyoosha mikono, kutoka ncha hadi ncha ni mita 2.21. Akishapata mwendo, kutoka mstari wa pointi tatu anahitaji kuudunda mpira mara moja au mbili tu kabla ya kuwa juu ya ringi. Suns walikuwa na mrefu mmoja wa kweli, Deandre Ayton. Msaidizi wake, Dario Šarić, aliumia goti katika mchezo wa kwanza wa fainali na hakurudi. Hivyo kila Ayton alipokaa benchi au kuogopa faulo, njia ilikuwa wazi. Giannis alitupa mara 25 na kufunga 16, mmoja wao ukiwa wa pointi tatu. Robo ya tatu peke yake aliondoka na pointi 20. Ni kazi ya kutisha, ila katika mchezo wa pili na wa tatu wa fainali hizo hizo alikuwa ameshafunga 42 na 41. Nguvu yake ya kuingia ndani ilikuwa inajulikana.

Mitupo huru ndiyo iliyokuwa donda lake. Mchezaji akifanyiwa faulo wakati anatupa, husimama mstarini peke yake na kutupa bila mtu kumkaba, pointi moja kwa kila mtupo. Msimu ule wa kawaida Giannis alifunga asilimia 68.5 ya mitupo hiyo. Katika michezo ya mchujo, ukijumlisha na usiku wenyewe wa ubingwa, bado hakufika 60. Jumamosi tarehe 17 Julai, katika mchezo wa tano pale Phoenix, alifunga 4 kati ya 11. Jumanne, siku tatu baadaye, akafunga 17 kati ya 19.

Piga hesabu uone uzito wake. Bucks walishinda kwa pointi 7. Kama angetupa kwa kiwango chake cha mchujo, angefunga kama 11 kati ya zile 19, na pointi 6 zingeyeyuka: 99 kwa 98, mchezo wa kuamuliwa na mpira mmoja. Kama angetupa kama Jumamosi, angepata 7, na Bucks wangekuwa pungufu kwa pointi 10 katika mchezo walioushinda kwa 7.

Tundu la sentimita 45

Kinachofanya mtupo usio na mkabaji uwe mgumu kinaanza na vipimo. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 kwa ndani. Mpira wa wanaume, saizi 7, una kipenyo cha kama sentimita 24. Kutoka mstarini hadi usawa wa ubao ulio nyuma ya ringi ni mita 4.57 kwa NBA na 4.60 kwa FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, na hadi katikati ya ringi ni mita 4.20 hivi. Ukiitazama ringi kutoka juu, mpira unabakiwa na sentimita 10 na nusu kila upande. Mkono ukipotoka digrii moja na nusu tu, kushoto au kulia, mpira hauwezi tena kupita bila kugonga chuma.

Hilo ni la upande. La urefu ni gumu zaidi, kwa sababu mpira hauteremki wima, huingia kwa mshazari, na kadiri mshazari unavyolala ndivyo tundu linavyobana. Mpira ukishuka kwa digrii 45, lile tundu la sentimita 45 linakuwa kama la 32. Kwa digrii 35 linakuwa kama la 26, na mpira wenyewe ni 24. Kwenye digrii 32 nafasi imekwisha kabisa: lazima mpira uguse chuma cha mbele au cha nyuma. Ndiyo maana kocha humpigia kelele kijana anayetupa mpira bapa hata kama umeingia. Umeingia leo, lakini mlango aliopitia ni mwembamba mno kutegemewa.

Larry Silverberg na Chau Tran wa Chuo Kikuu cha North Carolina State waliziendesha kwenye kompyuta mamia ya maelfu ya mitupo huru, wakaona kwamba kwa mtu anayeachia mpira kwenye kimo cha mita 2.13 hivi, pembe nzuri ya kuuachia ni kama digrii 52, na mpira uwe unajizungusha kurudi nyuma mara 3 kwa sekunde. Mzunguko huo una kazi yake. Ukigusa ringi au ubao, unaupunguzia mpira kasi ya mbele na kuuvuta chini kuelekea tundu.

Hapa mtu mrefu ana neema ambayo watu huisahau. Chukua watu wawili wanaoachia mpira kwa digrii 52 zile zile, mmoja kwenye kimo cha mita 2.10, mwingine mita 2.60. Mpira wa mfupi unaifikia ringi kwa digrii 40 hivi. Wa mrefu unaifikia kwa 47. Giannis, kwa jiometri peke yake, anatupia tundu pana kuliko karibu kila kijana wa Malindi. Basi tatizo lake haliko kwenye kimo.

Dirk Nowitzki wa Dallas Mavericks alikuwa na mita 2.13, na mwezi wa Mei 2011, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya kanda ya magharibi dhidi ya Oklahoma City, alitupa mitupo huru 24 na kufunga yote 24. Wengine husema ni mikono mikubwa. Kitanga cha Giannis kinasemekana kuwa na urefu wa sentimita 30, na ni kweli kwamba mpira ukizama kwenye kitanga badala ya kukaa juu ya ncha za vidole, mzunguko wake huharibika na mwelekeo hubadilika dakika ya mwisho. Lakini Kawhi Leonard naye ana mikono inayozungumzwa ligi nzima, na hufunga zaidi ya asilimia 85. Mikono mikubwa inaleta kazi ya ziada, haileti hukumu.

Tatizo lenyewe ni kurudia. Kwa kimo cha Giannis mpira unatakiwa kuondoka kwa kasi ya kama mita 6.8 kwa sekunde. Kasi hiyo ikipungua kwa asilimia 1 tu, mpira unapungukiwa na sentimita 9 hivi. Goti, nyonga, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, vidole: kila kiungo kinachangia kasi hiyo, na kwa mtu wa viungo virefu kuchelewa kidogo kwa kifundo kunabadilisha mengi kwenye ncha ya vidole. Mwili uliojengwa kwa kuruka na kugongana unaombwa ghafla kazi ya fundi saa. Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers ndiye shahidi mkubwa wa jambo hili. Katika mchezo wa pili wa fainali za 2000, Indiana Pacers walimfanyia faulo makusudi wakajua atakosa, naye akatupa mara 39 na kufunga 18.

Ongeza juu yake goti. Tarehe 29 Juni, kule Atlanta, goti la kushoto la Giannis lilikunjika kwa nyuma alipotua vibaya. Alikosa michezo miwili, akarudi tarehe 6 Julai siku fainali zilipoanza. Usiku wa ubingwa alicheza dakika 42. Nguvu ya mtupo huru hutoka miguuni. Miguu ikichoka, mkono hujaribu kuziba pengo, na mkono ukiongezewa kazi hupoteza mstari. Kwa hiyo mitupo ya robo ya nne ndiyo inayotakiwa kuwa mibaya kuliko yote. Yake haikuwa.

Sekunde kumi

Sheria ya NBA inampa mtupaji sekunde 10 tangu mwamuzi amkabidhi mpira. Giannis wakati ule alikuwa na utaratibu mrefu: alidunda, akasimama, akapunga mkono kana kwamba anatupa, akavuta pumzi, akadunda tena. Katika mchujo wa 2021 waamuzi walimpigia filimbi kwa kupitisha muda, na tangu hapo mashabiki wa ugenini, Brooklyn, Atlanta na Phoenix, wakawa wanahesabu kwa sauti, ukumbi mzima, moja, mbili, tatu, haraka kuliko saa yenyewe.

Kelele peke yake haizuii mpira kuingia. Inachofanya ni kumlazimisha mtu aanze kufikiria kitu ambacho mwili ulikuwa unakifanya wenyewe. Anaharakisha pumzi ya mwisho, goti linakunjuka kabla ya kiwiko, na mpira unatoka bapa. Wengi wa wanaokosa mitupo muhimu hukosa hivyo, kwa viungo kupishana, wala si kwa uoga. Mchezo wa sita ulichezwa nyumbani, Fiserv Forum, na hakukuwa na wa kuhesabu. Watazame wanaotupa vizuri usiku mmoja mzima: utaratibu wa mtupo wa kwanza ndio wa mtupo wa mwisho, pumzi ile ile, kina kile kile cha goti. Giannis alikuwa na kitu hicho usiku ule, mara kumi na tisa.

Na bahati? Ipo, na kuipima si kumkosea heshima. Mtu wa asilimia 68.5 akitupa mara 19, kupata 17 au zaidi kunatarajiwa takriban mara moja katika kila majaribio 29. Mtu wa asilimia 58.7, kiwango alichomaliza nacho mchujo, angefika hapo mara moja katika 250 hivi. Haikuwa miujiza isiyo na hesabu, lakini iliangukia katika mchezo mmoja ambao Bucks waliuhitaji kuliko mingine yote ya nusu karne. Na mkono haukubadilika kwa kudumu. Msimu uliofuata alipanda hadi asilimia 72.2, kisha akashuka hadi 64.5 mwaka 2022–23, na 65.7 mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo sababu zile pointi 17 zinastahili kutazamwa upya kwa makini kuliko mpira wowote aliousindika ringini usiku ule.

Kwenye saruji ya Lamu na Malindi

Kijana anayetaka kulijaribu hili huku pwani ana adui ambaye Giannis hamjui: upepo. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi Juni hadi Agosti, na kiwanja kingi huku kiko wazi. Mtupo huru hukaa hewani kama sekunde moja. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, upepo wa ubavuni wa mita 5 kwa sekunde unaweza kuusukuma mpira sentimita 30 hivi katika sekunde hiyo, zaidi ya upana wa mpira wenyewe. Kwa hiyo usiulaumu mkono wako kwa mitupo ya alasiri. Fanya mazoezi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au tumia ringi iliyo upande wa ukuta wa jengo. Ukizoea kulenga pembeni ili kufidia kusi, kaskazi ikija utakuwa umejifunza kosa.

Kagua ringi kabla ya kujikagua wewe. Chumvi ya bahari hula kwanza nati na boliti za nyuma, pale maji yanapotuama, na ringi huanza kuinamia mbele taratibu. Teremsha uzi wenye jiwe kutoka ukingo wa mbele, kisha kutoka ukingo wa nyuma: pande zote zinatakiwa zitoe mita 3.05. Ikiwa mbele ni pungufu, mpira wako mzuri utagonga chuma cha nyuma na kurudi, nawe utaanza kutupa kifupi bila sababu. Mstari nao upime upya, kwa sababu kwenye viwanja vilivyopakwa rangi mara nyingi husogea kila fundi anapoupaka. Teremsha uzi huo huo kutoka uso wa ubao hadi chini, uweke alama, kisha upime mita 4.60.

Mpira wenyewe uache udondoke kutoka mita 1.80, ukipima kutoka chini yake. Urudi kidogo juu ya mita 1, ukipima chini hapo hapo. Mpira uliojazwa kupita kiasi hurukia mbali kila ukigusa chuma, na mzunguko wako hauna faida tena. Mchanga ufute, mpira wenye mchanga huteleza kwenye ncha za vidole na kutoka bila kuzunguka.

Sasa mwili. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kulia uwe mbele kidogo, ukielekea katikati ya ringi. Mpira ukae juu ya vidole, na pengo dogo libaki kati yake na kitanga, kiasi cha kupitisha kidole. Kiwiko kiwe chini ya mpira, si pembeni. Kunja goti kwanza. Mkono ufuate miguu wala usiitangulie. Achia, na uache kifundo kimelala mbele mpaka mpira ufike. Mkono wa kushoto ni wa kushikilia tu. Dole gumba la mkono huo likisukuma, mpira wa mtu wa mkono wa kulia huenda kulia, na hili ndilo kosa ambalo wengi huwa nalo kwa miaka bila kuambiwa.

Usitupe mipira 100 mfululizo ukiwa umesimama hapo hapo. Mchezoni hupati nafasi hiyo. Unapata miwili, mapigo ya moyo yakiwa juu. Kimbia kutoka ubao hadi ubao mara mbili, simama, tupa miwili, rudia. Na kwa kuwa mechi zetu huchezwa kwa sheria za FIBA, una sekunde 5 tu, nusu ya zile za Giannis. Utaratibu wake wote, ukiuleta kwenye ligi ya huku, mwamuzi atakupigia filimbi hata hujavuta pumzi ya pili. Kudunda mara mbili, pumzi moja, kutupa: hiyo inatosha.

Kila uliokosa uandike, kwa herufi moja: F kwa mfupi, R kwa mrefu, K kwa kushoto, L kwa kulia. Ukiona F nyingi mwishoni mwa zoezi, miguu imechoka. R nyingi mwanzoni ni mkono uliojaa nguvu usiosubiri goti. K au L zikijaa upande mmoja, angalia dole gumba la mkono wa kushikilia, kisha kiwiko, kisha vidole vya mguu vinaelekea wapi, kwa mpangilio huo. Zikichanganyika zote bila mtindo, simama na uangalie minazi: kusi imeanza.